Namna ya Kulinganisha na Kupanga Namba Wiano: Sehemu, Desimali, Asilimia na Namba Hasi

Kila muhula maswali ni yaleyale. Mwanafunzi wa darasa la saba anauliza kwa nini 0.35 ni ndogo kuliko 0.4, ilhali 35 ni kubwa kuliko 4. Mzazi anayemsaidia mtoto kazi ya nyumbani anauliza kwa nini −3/4 imewekwa kabla ya −1/2 wakati robo tatu ni nyingi kuliko nusu. Fundi kijana aliyenunua seti ya spana za inchi anauliza ipi inafuata baada ya 9/16. Nimeyajibu maswali haya mara nyingi kwa mdomo, na nimeona kwamba yote yana mzizi mmoja: mtu anazisoma tarakimu kabla ya kuisoma namba. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu, ili ukae nao mezani, uufuate hatua kwa hatua, na usihitaji kukumbuka kanuni nyingi.

Mambo ya kuwa nayo kabla ya kuanza

- Daftari, ikiwezekana la mirabaraba, kwa sababu tarakimu zikipangwa wima moja chini ya nyingine makosa huonekana upesi.
- Kalamu ya risasi, kifutio na rula ya kuchorea mstari wa namba.
- Jedwali la kuzidisha hadi 12, kichwani au kwenye karatasi.
- Uwezo wa kutafuta Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) cha namba mbili au tatu, yaani namba chanya ndogo kuliko zote inayogawika kwa kila mojawapo bila baki.
- Kikokotoo si lazima. Ukiwa nacho, kitumie kuhakiki jibu na si kulitafuta.

Maneno machache tukubaliane mapema. Namba wiano ni namba yoyote inayoweza kuandikwa kama sehemu ambayo juu kuna namba kamili na chini kuna namba kamili isiyo sifuri. Ya juu ni kiasi, ya chini ni asili. Kwa hiyo 5 ni namba wiano kwa kuwa ni 5/1, 0.65 ni namba wiano kwa kuwa ni 65/100. 70% ni 70/100. Na −1 1/6 ni −7/6. Alama < husomwa "ni ndogo kuliko" na alama > husomwa "ni kubwa kuliko". Kwenye mstari wa namba, iliyo kulia daima ni kubwa kuliko iliyo kushoto kwake. Nadharia inaishia hapo.

Hatua za kufuata

1. Soma swali na uandike mwelekeo. Kabla ya hesabu yoyote, andika pembeni "ndogo → kubwa" au "kubwa → ndogo" kulingana na ulivyoulizwa. Nimesahihisha karatasi nyingi ambazo hesabu yote ilikuwa sahihi na jibu likawa kinyume, kwa sababu mwanafunzi alisahau kuwa swali lilitaka mpangilio wa kushuka.

2. Weka ishara mahali pake. Sehemu yenye alama ya kutoa chini, kama 3/−4, iandike upya kuwa −3/4, kwa sababu thamani ni ileile lakini kazi inayofuata inakuwa salama. Namba mchanganyiko ibadilishe kuwa sehemu guni, yaani sehemu ambayo kiasi hakipungui asili, na hapa kuna mtego: −2 1/3 maana yake ni kwamba alama ya kutoa inazihusu zote mbili, ile 2 na ile theluthi. Kwa hiyo ni −7/3, nayo iko kati ya −3 na −2. Anayeandika −2 + 1/3 anapata −5/3, ambayo ni namba nyingine kabisa.

3. Gawa namba katika mafungu matatu: hasi, sifuri na chanya. Kila namba hasi ni ndogo kuliko sifuri, na kila namba chanya ni kubwa kuliko sifuri, hata kama hiyo chanya ni 1/1000 na hiyo hasi ina tarakimu kubwa za kutisha. Hatua hii huchukua nusu dakika, na mara nyingi huondoa nusu ya kazi, kwa sababu baada yake hutalinganisha tena hasi na chanya.

4. Chagua umbo moja kwa namba zote. Huu ndio moyo wa kazi nzima. Huwezi kulinganisha sehemu na asilimia kwa kuzitazama, kama vile huwezi kujua mzigo upi ni mzito kati ya uliopimwa kwa kilo na uliopimwa kwa ratili mpaka vipimo viwe kimoja. Una njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuzipa sehemu zote asili moja. Tafuta KDS cha asili zote, kisha zidisha juu na chini kwa namba ileile mpaka kila asili ifikie KDS hicho. Mfano ninaoupenda zaidi unatoka katika elimu ya mirathi ya Kiislamu, ambako Qur'ani imetaja mafungu sita: nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Kwa tarakimu ni 1/2, 1/4, 1/8, 2/3, 1/3 na 1/6. KDS cha 2, 4, 8, 3 na 6 ni 24, kwa hiyo:

1/2 = 12/24
1/4 = 6/24
1/8 = 3/24
2/3 = 16/24
1/3 = 8/24
1/6 = 4/24

Sasa asili zimekuwa sawa, na kazi iliyobaki ni kulinganisha viasi tu: 3, 4, 6, 8, 12, 16. Kwa hiyo kutoka dogo hadi kubwa ni thumni, sudusi, robo, theluthi, nusu, theluthi mbili. Wanazuoni wa mirathi huiita namba inayogawika kwa mafungu yote ya warithi waliopo "asili ya mas-ala", na marehemu akiacha mke, watoto na wazazi wawili, ambapo mke ana thumni na kila mzazi ana sudusi, asili hiyo huwa ni hiyohiyo 24. Neno asili tunalolitumia darasani, basi, lina ndugu yake katika fani ya kugawa urithi, na kazi linayofanya kule ni ileile.

Seti ya spana za inchi inafuata njia hiyohiyo. Alama zake ni 3/8, 7/16, 1/2, 9/16, 5/8, 11/16 na 3/4, na macho yanaona vurugu. Ziandike zote kwa asili ya 16 utapata 6, 7, 8, 9, 10, 11 na 12, yaani zinafuatana bila kuruka hata moja. Kwa hiyo baada ya 9/16 inakuja 5/8, kwa kuwa 5/8 ni 10/16.

Njia ya pili ni kugeuza kila namba kuwa desimali kwa kugawanya kiasi kwa asili. Njia hii inafaa pale orodha inapochanganya asilimia, desimali na sehemu, au asili zinapokuwa ngumu kiasi kwamba KDS kinakuwa kikubwa mno. Andika desimali zote kwa idadi sawa ya tarakimu baada ya nukta, ukijaza sifuri mwishoni: 0.4 iandike 0.40 ili isimame sawa na 0.35. Hapo inaonekana wazi kuwa sehemu za mia 40 ni nyingi kuliko sehemu za mia 35.

Kwa maoni yangu, anayejiandaa kwa mtihani aizoee kwanza njia ya asili moja, kwa kuwa haina kukadiria na kila mstari wake unaweza kukaguliwa. Aliye dukani au karakana atumie desimali. Nusu inchi ni milimita 12.7, na hapo unaelewa mara moja kwa nini spana namba 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi lakini inacheza kidogo.

5. Badilisha kila namba, ukiandika umbo jipya chini ya umbo la awali. Usifute la awali wala usiandike kwenye karatasi nyingine. Umbo jipya bila jina lake la zamani hukuacha mwishoni na orodha usiyojua ilitoka wapi.

6. Panga chanya kwanza, kisha hasi. Chanya hupangwa kwa kawaida. Kwa hasi, sahau ishara kwa muda, zipange kama chanya kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha geuza mpangilio wote na urudishe ishara. Sababu yake inaonekana kwenye usawa wa bahari. Ziwa Assal la Djibouti liko takriban mita 155 chini ya usawa wa bahari, na ufuko wa Bahari ya Chumvi uko zaidi ya mita 400 chini. Ni wapi juu zaidi? Ni Assal, ingawa 155 ni ndogo kuliko 400. Kwa hiyo −155 > −400. Vivyo hivyo, 2/3 ni 10/15 na 3/5 ni 9/15, kwa hiyo 2/3 > 3/5; lakini zikiwa hasi zinageuka, −2/3 < −3/5.

7. Andika jibu kwa maumbo ya awali, kisha hakiki. Swali lililokupa 70% linataka kuiona 70% kwenye jibu, si 84/120. Hesabu idadi ya namba ulizopewa na idadi uliyoandika. Zikitofautiana kuna uliyoiacha.

Mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho

Panga kuanzia ndogo hadi kubwa: 2/3, −3/4, 0.65, −0.8, 70%, −1 1/6, 5/8.

Kwanza mafungu. Hasi ni −3/4, −0.8 na −1 1/6. Chanya ni 2/3, 0.65, 70% na 5/8. Zikiandikwa zote kama sehemu rahisi, hasi zinakuwa −3/4, −4/5 na −7/6. Chanya zinakuwa 2/3, 13/20, 7/10 na 5/8. KDS cha asili zote ni 120.

Chanya: 2/3 = 80/120; 13/20 = 78/120; 7/10 = 84/120; 5/8 = 75/120.
Hasi: −3/4 = −90/120; −4/5 = −96/120; −7/6 = −140/120.

Chanya kwa mpangilio wa kupanda ni 75, 78, 80, 84. Hasi, bila ishara, ni 90, 96, 140. Zikigeuzwa na kurudishiwa ishara ni −140, −96, −90. Jibu ni:

−1 1/6 < −0.8 < −3/4 < 5/8 < 0.65 < 2/3 < 70%

Tazama jinsi 0.65 na 2/3 zilivyokaribiana. Aliyekadiria kwa macho angeweza kuzibadilishana, na aliyekata 2/3 kuwa 0.6 angekosea kwa hakika.

Njia fupi unapokuwa na namba mbili tu

Zikiwa mbili, huhitaji KDS. Zidisha kiasi cha ya kwanza kwa asili ya pili, kisha kiasi cha ya pili kwa asili ya kwanza, na ulinganishe majibu. Huku ndiko kuzidisha kwa mkato. Kati ya 7/12 na 11/19, 7 × 19 = 133 na 11 × 12 = 132, kwa hiyo 7/12 ndiyo kubwa. Hakuna miujiza hapa. Umezipa zote mbili asili ya 228 bila kuiandika.

Kwa njia hii unaweza kutatua jambo ambalo wanafunzi wengi hawajawahi kulifikiria. Maswali ya duara husema mara "tumia 22/7", mara "tumia 3.14". Je, ipi kubwa? 3.14 ni 157/50. Sasa 22 × 50 = 1100, na 157 × 7 = 1099. Kwa hiyo 22/7 ni kubwa kidogo. Pai yenyewe, inayoanza 3.14159, iko katikati yao, nayo si namba wiano. Hizo mbili ni majirani zake wawili, mmoja kila upande.

Viasi vikifanana, asili kubwa ndiyo yenye thamani ndogo: 3/7 > 3/11, kwa kuwa mkate uliokatwa vipande 11 una vipande vidogo kuliko uliokatwa 7. Na kama zote zimepungukiwa kipande kimoja kufikia 1, tazama ukubwa wa kinachopungua: 7/8 imepungukiwa 1/8, na 11/12 imepungukiwa 1/12 tu, kwa hiyo 11/12 iko karibu zaidi na 1, nayo ni kubwa.

Makosa yanayojirudia

*Kulinganisha tofauti ya juu na chini.* Wapo wanaosema 5/6 na 7/8 ni sawa kwa sababu zote "zimebakiza moja". Moja hiyo ni sudusi katika ya kwanza na ni thumni katika ya pili.

*Kudhani desimali ndefu ni kubwa, au kudhani ni ndogo.* Makosa haya mawili yanapingana na yote yapo. Wa kwanza husema 0.125 inaizidi 0.3. Wa pili, akiisha kusahihishwa, husema kila desimali ndefu ni ndogo, na hivyo anakosea kwenye 0.45 na 0.4. Urefu hauna hukumu. Anza kushoto, linganisha sehemu ya kumi, zikilingana nenda sehemu ya mia, na kuendelea.

*Kuzidisha kwa mkato wakati asili ina ishara hasi.* Jaribu 1/−2 na 1/3 bila kufanya hatua ya 2: 1 × 3 = 3 na 1 × −2 = −2, ukahitimisha kuwa 1/−2 ni kubwa. Namba hasi haiwezi kuizidi chanya. Rudi, hamisha ishara juu, kisha zidisha.

*Kuchanganya "robo tatu" na "tatu kasorobo".* Ya kwanza ni 3/4, ya pili ni 2 3/4. Swali likisomwa kwa sauti, liandike kwa tarakimu na umwombe aliyesoma athibitishe.

*Kuandika dakika kama desimali ya saa.* Dakika 45 ni saa 0.75, si 0.45, kwa sababu saa imegawanywa kwa 60 na si kwa 100. Anayelinganisha saa 1.5 na "saa moja na dakika 50" lazima kwanza azigeuze zote kuwa dakika: 90 na 110.

Ukikwama

*Kugawanya hakuishi.* Desimali ya sehemu kama 1/3 hujirudia bila kikomo: 0.333… Usiikate mapema. 0.33 ni ndogo kuliko 1/3. Tofauti yao ni 1/300. Ukilazimika kukata, acha tarakimu moja au mbili zaidi ya desimali ndefu kuliko zote kwenye orodha, na zikibaki sawa, rudi kwenye kuzidisha kwa mkato.

*KDS kimekuwa kikubwa mno.* Rahisisha sehemu kwanza. 18/24 na 35/50 zinaonekana nzito, lakini ni 3/4 na 7/10, na KDS chao ni 20 tu. Ukishindwa kabisa kukipata, zidisha asili zenyewe. Namba zitakuwa kubwa lakini jibu litakuwa sahihi.

*Namba mbili zimetoka sawa.* Inawezekana hukukosea. 3/4, 0.75 na 75% ni namba moja yenye mavazi matatu. Ziandike pamoja kwa alama ya =, usilazimishe < au >.

*Asilimia inakutia shaka.* Gawanya kwa 100 bila kuangalia ukubwa wake: 125% ni 1.25, na 0.5% ni 0.005, wala si nusu.

*Umeulizwa namba iliyo kati ya mbili na huoni nafasi.* Kati ya 3/5 na 2/3, yaani 9/15 na 10/15, inaonekana hakuna kitu. Zidisha juu na chini kwa 2: 18/30 na 20/30. Katikati imesimama 19/30. Ukitaka nyingine, zidisha tena. Kati ya namba wiano mbili tofauti nafasi haiishi kamwe.

Jipime

a) Panga kuanzia ndogo: 5/12, 3/8, 0.4, 41%.
b) Panga kuanzia ndogo: −1.2, −5/4, −1 1/5, −1.02.
c) Ipi kubwa, 4/9 au 0.44?

Majibu: a) 3/8 < 0.4 < 41% < 5/12. Ukiiweka 41% mwisho, huenda ulikata 5/12 kuwa 0.41, ilhali ni 0.41666… b) −5/4 < −1.2 = −1 1/5 < −1.02. Ukipata kinyume chake, rudia hatua ya 6. c) 4/9 ndiyo kubwa, kwa kuwa 0.44 ni 11/25, na 4 × 25 = 100 ilhali 11 × 9 = 99.